Kipato cha msimu na matumizi ya kila siku: nyumba ya namna hii hupangiwaje bajeti?

Mwongozaji wa Pasua (Moshi) ameuliza:

Habari zenu nyote. Wazee wangu, shikamooni.

Mimi ni mwongoza watalii msaidizi katika Mlima Kilimanjaro. Ninaishi Pasua, hapa Moshi, pamoja na mke wangu, watoto wetu watatu na binti wa dada yangu tunayemlea, kwa hiyo tuko watu sita. Mke wangu anashona nguo hapo hapo nyumbani. Nimesoma mafunzo mengi kuhusu bajeti ya familia, lakini karibu yote yameandikwa kwa ajili ya mtu anayejua kwamba tarehe fulani kiasi fulani kitaingia, naye kazi yake ni kukigawa tu. Kwangu mimi hela haiingii kwa mwezi, inaingia kwa safari.

Safari moja ya njia ya Machame au Lemosho hunichukua siku saba au nane. Nikishuka ninalipwa posho ya siku hizo, na wageni hutoa tipu kwenye geti la Mweka au hotelini jioni ile ile. Nikijumlisha vyote viwili, safari moja hunipa wastani wa shilingi 450,000, na mwaka jana nilipanda mara 16. Kuanzia Julai hadi Septemba, na tena kuanzia katikati ya Desemba hadi mwanzo wa Machi, ninaweza kushuka Jumamosi na kupanda tena Jumanne. Masika yakianza, Aprili na Mei simu hailii kabisa, na Novemba nayo huwa hivyo hivyo. Cherehani ya mke wangu huleta kama shilingi 150,000 kwa mwezi, ikipanda kidogo Desemba na Januari kwa sababu ya sare za shule.

Januari nilinunua kaunta buku ya kwaya mbili, nikachora mistari, nikaandika bajeti nzuri sana. Ilidumu siku 19. Nilipokuwa mlimani mke wangu alilazimika kukopa dukani shilingi 68,000, kwa kuwa nilimwachia hela ya siku nne nikidhani atamalizia na za kushona, na niliporudi sikuona sababu ya kuendelea kuandika.

Matumizi yetu, kadiri ninavyoyakumbuka, ni haya. Chakula ni shilingi 12,000 kwa siku. Kodi ya nyumba ni 120,000 kwa mwezi, ambayo mwenye nyumba huitaka ya miezi sita kwa mkupuo, Januari na Julai. Umeme ni 20,000, maji 12,000, gesi pamoja na mkaa wa kuchemshia maharage 25,000, nauli 40,000, vocha na bando 20,000, na mama yangu aliyeko Kibosho ninampelekea 40,000 kila mwezi. Mtoto wa kwanza yuko kidato cha pili katika shule ya binafsi ambayo ada yake ni 1,400,000 kwa mwaka, tunalipa 350,000 kila awamu, yaani Januari, Aprili, Julai na Septemba.

Halafu kuna michango, na hili ndilo lililonifanya niandike. Jioni moja nilikaa nikapitia ujumbe wa miamala kwenye simu, tangu Januari hadi Desemba ya mwaka jana, nikakuta nimetoa shilingi 740,000 kwa ajili ya harusi, sendofu, kipaimara na misiba, bila kuhesabu makato ya kutuma. Aprili ya mwaka huo huo nilikopa 300,000 kwa mtu wa kausha damu, nikamrudishia 390,000 baada ya mwezi mmoja, na televisheni yetu ilikaa kwake muda wote huo kama rehani. Yaani nilichangia pilau la watu, wanangu wakabaki kutazama ukuta.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mlimani kazi hii hii ninaiweza. Kabla ya kupanda tunapiga hesabu ya chakula cha watu zaidi ya ishirini kwa siku saba, na getini kila mzigo wa mpagazi unawekwa kwenye mizani usizidi kilo 20. Sijawahi kuona kundi letu likilala njaa. Nyumbani watu sita tu wananishinda.

Naomba kuelekezwa jinsi mtu wa kipato cha msimu anavyoandika bajeti na kuifuata hadi mwisho wa mwaka, jinsi ya kuishughulikia michango bila kuonekana nimejitenga na watu, na kama ni sahihi kuhesabu hela ya mke wangu ndani ya bajeti hiyo.

Mhasibu Mstaafu (Sakina, Arusha) amejibu:

Marahaba, kijana wangu. Umeandika takwimu zote zinazohitajika, ila hukuzijumlisha, na nadhani hukuzijumlisha kwa sababu moyo wako ulikwisha kujua jibu. Nitakujumlishia.

Safari 16 kwa 450,000 ni shilingi 7,200,000. Kushona ni 1,800,000 kwa mwaka. Jumla ya mapato ni 9,000,000. Upande wa pili, matumizi yako ya mwezi, kuanzia chakula hadi hela ya mama, yanafika 637,000, ambayo kwa miezi 12 ni 7,644,000. Ongeza ada 1,400,000 na michango 740,000, unapata 9,784,000. Umepungukiwa na shilingi 784,000, na hapo hakuna aliyeugua, hakuna aliyenunuliwa viatu, Krismasi haijafika, wala hatujaweka zile 90,000 ulizomwongezea mkopeshaji wako. Hata kama watalii wangekuja kwa mpangilio, kila mwezi idadi ile ile, bado ungekopa. Masika yanachagua tu mwezi wa kukopa.

Una mambo mawili, na ni vizuri uyatenganishe, kwa kuwa dawa zake ni mbili. Moja ni upungufu, ambao hautibiwi na daftari la aina yoyote. Utapungua kwa kupunguza matumizi au kuongeza kipato. La pili ni wakati, yaani hela inakuja Agosti na njaa inakuja Mei, na hili ndilo bajeti inaliweza.

Kwa hilo la wakati, nakushauri uache kupanga kwa mwezi na upange kwa mwaka, kisha ujilipe mshahara. Hela yote ya safari, posho na tipu, iingie kwenye akaunti moja ambayo haiguswi, na kila tarehe mosi uhamishe kiasi kile kile kwenda kwenye matumizi, iwe Agosti au iwe Mei. Wengi hukosea katika kukadiria kiasi hicho, maana hujilipa kwa wastani wa mwaka mzuri. Wewe chukua mwaka mbaya. Tuseme ungepanda mara 12 tu: ungepata 5,400,000, ambayo ni 450,000 kwa mwezi. Huo ndio mshahara wako. Sisi wa Arusha na Moshi tuliouona mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege, tunajua kwamba hata safari 12 si za uhakika, lakini mahali pa kuanzia lazima pawepo.

Ukijumlisha na 150,000 za kushona, nyumba yako ina 600,000 kwa mwezi, nawe unatumia 637,000. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupunguza 37,000, kiasi ambacho jikoni peke yake panaweza kukitoa. Akina mama watakueleza vizuri kuliko mimi. Safari ya 13 hadi ya 16, zikipatikana, ni 1,800,000. Hizo ni za ada ya mwaka unaofuata, nayo itachukua 1,400,000. Zinabaki 400,000 kwa ajili ya ugonjwa na michango kwa pamoja, na ni wazi kwamba 740,000 haiwezi kuingia humo.

Angalia pia kalenda yako. Kufikia mwisho wa Machi ni lazima uwe na mishahara mitatu kwenye akaunti, yaani 1,350,000, kwa ajili ya Aprili, Mei na Novemba. Kodi ya nyumba uitenge 120,000 kila mwezi hata kama mwenye nyumba hajabisha hodi, kwa sababu Januari anataka 720,000 na shule inataka 350,000 ndani ya wiki zile zile. Awamu ya Aprili imekaa mahali pabaya kabisa kwako. Nenda kwa mhasibu wa shule umwombe uilipe Februari. Nimekaa kwenye kiti hicho miaka mingi, na sikumbuki kumkatalia mzazi aliyetaka kulipa kabla ya wakati.

Akiba hiyo usiiweke kwenye simu, kwa kuwa simu ndiyo mlango ambao michango hutokea. Akaunti ya benki isiyo na kadi inatosha. Baadhi yetu tunatumia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na ninachokipenda huko ni kwamba ukiomba hela yako unaisubiri siku kadhaa za kazi. Mtu akikupigia Ijumaa kuhusu kikao cha harusi cha Jumamosi, unaweza kumwambia ukweli kwamba huna.

Kuhusu kausha damu, 90,000 juu ya 300,000 kwa mwezi mmoja ni asilimia 30. Wakopeshaji wadogo wenye leseni wamewekewa na Benki Kuu ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa mkopo wako ingekuwa shilingi 10,500. Ukilazimika kukopa tena, omba kwanza kuiona leseni.

Mama wa Njoro (Moshi) amejibu:

Mdogo wangu, mzee hapo juu amemaliza hesabu, nami nitaingia jikoni. Lakini kabla ya jikoni nina neno kuhusu mke wako. Umeandika kwamba cherehani yake huleta 150,000. Je, umemuuliza kama hiyo ni kabla au baada ya kununua uzi, zipu na vifungo, na kama ni kabla au baada ya kulipa deni la dukani ambalo wewe hulijui? Usiiweke hela yake kwenye bajeti kabla hajaiweka yeye mwenyewe. Kaeni, aseme atatoa kiasi gani, na hicho ndicho kiandikwe. Halafu ukipanda mlima kwa siku saba, acha hela ya siku tisa. Nawe mwenyewe umesema safari nyingine ni siku nane.

Sasa hizo 12,000 za kila siku. Hela ya siku ndiyo hela ghali kuliko zote, kwa sababu unachokinunua kidogo kidogo unakinunua kwa bei ya juu. Mimi nilikuwa nanunua mafuta ya kupima ya 500 asubuhi na ya 500 jioni, nikiamini kwamba ninabana. Nilipoandika kwa mwezi mzima nikakuta ni 30,000. Dumu la lita tano nililinunua kwa 30,000, likatupeleka wiki sita. Ni yale yale kwa sukari ya robo, mkaa wa kopo na sabuni ya kipande. Usijaribu kubadilisha vyote kwa mwezi mmoja, maana hutakuwa na mtaji huo. Anza na mafuta, kile kinachookolewa kinunue sukari, na hivyo hivyo.

Kikubwa zaidi ni mahindi. Agosti ya mwaka jana nilinunua magunia manne ya kilo 100 pale Mbuyuni kwa 65,000 kila moja. Februari jirani yangu alinunua gunia kama hilo kwa 98,000, na hao wanaonunua sembe ya kilo moja moja sitaki hata kuwahesabia. Kwenye magunia manne tofauti hiyo ni 132,000. Sisi pia tuko sita, na kwa kuchanganya na wali na ndizi, magunia hayo yalitufikisha mwishoni mwa Machi. Nawe una bahati kwamba Agosti ndipo hela yako iko mkononi. Hifadhi kwenye ile mifuko ya kinga njaa, ambayo ina mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Ukiifunga vizuri dumuzi na fukusi hufa kwa kukosa hewa, na huhitaji dawa yoyote.

Jambo la mwisho ni kikoba. Kikundi chetu kilikuwa kinavunja na kugawana Desemba, kama vikundi vingi vinavyofanya, na kila mwaka hela ile ilipanda gari la kwenda kijijini na haikurudi. Tulipiga kura tukahamishia mgawo mwezi Machi. Wanachama wawili walinuna wakajitoa. Waliobaki, masika yanawakuta na hela. Kama mke wako yuko kwenye kikundi, alete hoja hiyo, na muhakikishe kikundi kimesajiliwa kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka, maana mweka hazina akitoroka na kisanduku mtahitaji mahali pa kushtaki.

Mpangaji wa Majengo (Moshi) amejibu:

Naongeza dogo kuhusu umeme. Kwa 20,000 kwa mwezi katika tarifu ya T1, yaani bei ya watumiaji wa kawaida, baada ya kukatwa kodi ya jengo ya 1,500, unapata karibu uniti 52. Tarifu ya D1 ni ya watumiaji wadogo wa majumbani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na uniti yake ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, wakati ya T1 ni 292. Kama mita ni ya kwenu peke yenu, nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita uulize mko tarifu ipi na kama mnastahili kuhamishwa. Kama mnachangia mita na wapangaji wengine, sahau. Na ile 1,500 ni kodi ya mwenye nyumba, si yako. Kwa mwaka ni 18,000, na una haki ya kumwomba aipunguze kwenye kodi unayomlipa. Wangu alicheka, lakini Julai alipunguza.

Mjumbe wa Kamati Aliyestaafu (Kijenge, Arusha) amejibu:

Mimi nimekuwa kwenye kamati za harusi tisa, kwa hiyo ninayaongea kutoka ndani. Mchango unaoandika kwenye kadi ni sehemu tu ya gharama. Mjumbe wa kamati anatarajiwa kutoa zaidi ya mwalikwa wa kawaida, anahudhuria vikao kila Jumapili ambako lazima anunue soda na alipe nauli, na mwisho anashonesha nguo ya sare. Kwa hiyo, kama hutaki kujitenga na watu, changia, ila kataa ujumbe wa kamati. Sema kazi yako iko mlimani na huwezi kuhudhuria vikao. Kwa bahati nzuri ni kweli.

Mimi na mke wangu tuna orodha ya ngazi tatu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Ngazi ya kwanza ni ndugu wa damu na wakwe. Ya pili ni watu waliotuchangia sisi, na tunawajua kwa sababu daftari la michango ya harusi yetu bado tunalo. Ya tatu ni wengine wote waliotuingiza kwenye kundi la WhatsApp bila kutuuliza. Kila ngazi ina kiwango chake, na ya tatu ni 10,000, inayotumwa siku ile ile kadi inapofika. Ukitoa kidogo mapema unashukuriwa; ukiahidi 100,000 utapigiwa simu hadi siku ya harusi, na jina lako litabandikwa kila asubuhi kwenye orodha ya wanaodaiwa ahadi. Fungu la mwaka likiisha, limeisha, na tunasema hivyo waziwazi. Hakuna aliyetususia mpaka leo, ingawa yuko shemeji mmoja anayenisalimia kwa kifupi.

Mwana wa Uru (Moshi) amejibu:

Naheshimu ushauri uliotangulia, lakini naona michango inazungumzwa kana kwamba ni starehe, kama bia. Baba yangu alifariki Dar es Salaam, na kwa siku mbili tulihitaji jeneza, gari la kumleta nyumbani, maturubai na chakula cha waombolezaji kwa siku nne. Mimi na wadogo zangu tulikuwa na 200,000 kwa jumla. Kila kitu kingine kililipwa na watu, na wengi wao ni watu ambao baba aliwachangia kabla mimi sijaanza shule. Mtu asiye na bima yoyote, ambaye kazi yake inaweza kumvunja mguu kesho, asiambiwe kwamba 740,000 zilipotea zote.

Ninachoweza kukubali ni kutenganisha msiba na sherehe. Andika mistari miwili kwenye bajeti. Mstari wa misiba na wagonjwa usiwe na ukomo mkali, kwa sababu haupangiki. Mstari wa harusi, sendofu na kipaimara uwe na ukomo, maana tarehe zake zinajulikana miezi sita kabla. Ukirudi kwenye simu yako ukazigawa hizo 740,000, nadhani utakuta kwamba misiba ndiyo iliyochukua sehemu ndogo.

Mhasibu Mstaafu (Sakina, Arusha) amejibu:

Mwana wa Uru ana hoja, nami narekebisha nilichoandika. Zile 400,000 zigawanywe: 250,000 ziwe za ugonjwa na misiba, 150,000 za sherehe. Ya kwanza isipotumika yote ihamie mwaka unaofuata. Ya pili isihamishwe, iishe.

Mwongozaji wa Pasua (Moshi) ameandika:

Wazee wangu na dada zangu, ahsanteni sana. Jana jioni, watoto walipolala, tulikaa na mke wangu mezani pamoja na simu zote mbili na ile kaunta buku, tukamaliza saa sita usiku.

Mwana wa Uru alikuwa sahihi. Misiba ilichukua 185,000 tu. Zilizobaki 555,000 ni sherehe, na kati ya hizo 210,000 ni kamati mbili ambazo sikumbuki nilikubali lini kuwa mjumbe. Mama wa Njoro naye alikuwa sahihi. Mke wangu amesema atatoa 100,000 kwa mwezi, na 50,000 zitabaki kuwa mtaji wake wa uzi na hisa za kikoba. Kwa hiyo kipato cha nyumba ni 550,000, na ilitubidi tupunguze 87,000 badala ya 37,000.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: mbona kwenye orodha sikuandika siku ya kushuka? Ni desturi yetu kwamba tukishatoka getini na tipu mfukoni tunakaa na wenzangu, tunakula nyama na kunywa kidogo, halafu mtu anapakia bodaboda badala ya daladala na kununua zawadi za watoto. Tulikadiria 35,000 kila safari. Mara 16 ni 560,000, karibu sawa na sherehe zote za watu. Nilinyamaza kwa muda. Tumekubaliana iwe 10,000, nami nimeomba iandikwe kabisa kwenye bajeti, kwa sababu najua kwamba nikiifuta nitadanganya.

Chakula tumekishusha hadi 10,000 kwa siku, ambayo ni pungufu ya 60,000 kwa mwezi, nauli tumepunguza 10,000 na bando 8,000. Hela ya mama sijaigusa. Bado tunatafuta 9,000, na tunasubiri jibu la mita. Daftari limehamia kwa mke wangu, limefungwa kamba kwenye mlango wa jikoni pamoja na kalamu yake, nami nikirudi nampa risiti anaandika yeye. Kila Jumapili baada ya ibada tutajumlisha.

Nina swali moja limebaki kwa Mama wa Njoro. Hiyo mifuko nitaijuaje kama ni mizima, na mahindi nitayajuaje kama yamekauka vya kutosha? Baba alikuwa anayang'ata tu.

Mama wa Njoro (Moshi) amejibu:

Kung'ata si vibaya kwa mwenye meno ya uzoefu. Njia ya uhakika ni chumvi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, weka mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili tatu, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu. Yaanike tena kwenye turubai, usiyaanike chini. Isiponata, yafaa kuhifadhiwa.

Mfuko nao ujaze upepo, usokote mdomo, uubane kifuani huku ukisikiliza. Ukisikia unapumua, mrudishie mwenye duka kabla hujaondoka hapo. Fanya hivyo kwa ile miwili ya ndani, mmoja mmoja, hata kama watu wanakutazama. Ukishajaza, toa hewa, funga wa ndani kwanza, kisha wa pili, kisha kiroba, kila mmoja kwa kamba yake. Na usiufungue kila wiki kuchungulia. Panga gunia moja liwe la kuliwa, mengine yakae kimya juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mwambie mke wako namsalimia. Hiyo kamba ya mlangoni nami nitaiiga.